Wimbo wa Kumpandisha Mama

Hapa Merrylands, mji wa ugenini ninakoishi, jua likiwaka sana, mikaratusi ya barabarani hutoa harufu kali, nami nasahau hata basi ninalolingojea. Mabasi haya nayo, tuyaache. Harufu hiyo hunirudisha kwenye mlima wa kwetu, wenye mikaratusi kama hii, siku wanaume walipombeba mama kwenye tipoyi, kile kitanda cha miti, kumpeleka hospitali ya upande wa pili. Nilikuwa mtoto, nafuata nyuma, ardhi inachoma nyayo.

Kwetu wabebaji huimba, na mgonjwa huitikia, ili wajue bado yuko hai. Mama aliitikia mpaka katikati ya mlima, halafu kimya. Wakaimba tena. Kimya. Wakamshusha kivulini. Mjomba, mmoja wa wabebaji, akaniambia, "Imba wewe. Sauti yako ataisikia."

Nikaimba huku nalia, sauti inapanda na kushuka hovyo.

Ndani ya kitenge alichofunikwa mama akakohoa. "Jamani, huyu mtoto nani kamfundisha kuimba hivi?"

Wanaume wakacheka mpaka wakashika magoti. Mmoja akamwambia, "Shemeji, itikia basi!"

Akaitikia. Tukapanda.

Leo tena basi limenipita. Mzee mzima nimesimama kituoni, naimba hovyo vilevile.