Ramadhani na ule mpira wa Randburg

Tangu asubuhi naandika nafuta. Ramadhani amefariki. Dada yake kanipigia kutoka Tanga: ajali ya gari huko Ujerumani, akitoka mazoezini. Nikamwambia arudie.

Wengi humu mlimjua kwa picha za jezi. Kila season jezi mpya. Cape Town, Durban, Uholanzi, Durban tena, halafu Ujerumani. Mtu wa Tanga analipwa kucheza baseball, jamani.

Mimi nilikuwa nagonga like huku nimenuna, nimekaa barabarani Marshalltown nyuma ya meza yangu ya kuuzia mikanda na chaja.

Nilimwonea wivu. Mtanisamehe, nasema kama ilivyo.

2008 tulikuwa chumba kimoja mtaa wa Troyeville na kazi moja, kukata nyasi kwenye uwanja wa klabu moja Randburg. Wachezaji wakipungua mazoezini tunaitwa tukadake mipira kule nyuma kabisa. Mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wake. Aliyetuona anajua.

Mbio alinishinda. Na kupendwa na watu.

Siku ya trial, coach alitaka kuchukua mchezaji mmoja tu kati yetu. Sasa kule nyuma, mpira ukija juu katikati ya watu wawili, lazima mmoja aite, msije mkagongana. Sisi tulikuwa tunaita kwa Kiswahili: "Yangu" ukiudaka mwenyewe, "Yako" ukimwachia mwenzako.

Ukaja katikati yetu. Ukaanguka chini, mimi nimesimama. Ramadhani akaukimbilia, akaurusha, akachukuliwa yeye.

Tangu siku ile nimewasimulia watu kwamba aliita "Yangu!" nikampisha, akaninyang'anya maisha yangu. Wateja wangu wote wameisikia hadithi hiyo.

2012 timu ilimwacha, akaja kulala kwangu na begi moja. "Eish, kaka, wanasema nimechelewa nusu hatua." Nilimpa pole, nikampikia ugali na samaki. Nilipika kwa furaha, na Mungu ananiona.

Akala, akaniuliza, "Mkono wako bado upo? Twende tukarushe kidogo."

Nikamwambia nina kazi.

Kila jioni aliuliza. Wiki ya tatu akapata contract nyingine, akaondoka anacheka, na mimi nikashindwa kula.

Hakuwa staa. Nusu ya maisha yake ya mpira alikaa bench, nusu nyingine alikuwa anatafuta timu. Nilijipa moyo kwa hilo. Lakini kila walipomwacha alifunga begi akaenda kujaribu kwingine, na mimi sikujaribu hata mara moja baada ya siku ile.

Sasa niseme. Hakuita "Yangu." Aliita "Yako, Hamisi!" Nilisikia vizuri kabisa.

Nilidhani ananitega. Coach anataka mmoja, nani anampa mwenzake mpira siku kama ile? Nikaganda. Yeye alijua alichoita, na hadithi yangu ilimfikia, maana Troyeville hakuna siri. Hakuwahi kuikanusha mbele ya mtu.

Leo timu zako zote zimeweka picha yako, kila moja inakuita mtu wao. Hata hilo limeniuma, rafiki yangu. Nilikuwa na wewe kabla yao.

Lala salama, Ramadhani. Uliita vizuri. Ni mimi sikwenda.