Kanda Iliyobeba Makaburi Yetu

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, makaburi ya ukoo yalibaki mlimani, nyuma ya Iyula, bila alama yoyote. Babu peke yake ndiye aliyejua nani amelala wapi. Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, kijana mwenye majivuno yasiyo na kipimo, nikaona kuandika kumepitwa na wakati. Nikaazima redio kaseti kwa mfanyabiashara mmoja wa Tunduma, nikamketisha babu, naye akataja kaburi baada ya kaburi mpaka kanda ikaisha pande zote mbili. Nilijiona mtu wa maana! Kanda nikamkabidhi bibi, nikarudi kituo changu cha kazi.

Mwaka uliofuata babu akafariki. Alikuwa ameomba jambo moja tu, azikwe ubavuni mwa mama yake. Nikafika msibani na redio ileile na betri mpya, wazee wa ukoo wakinisubiri na majembe yao.

"Bibi, kanda iko wapi?"

Akaingia jikoni, akanyoosha mkono juu ya mafiga, kwenye uchaga wa mahindi ya mbegu. Kwetu mbegu hukaa pale mwaka mzima ili moshi uzuie wadudu. Akashusha kitambaa cheusi kwa masizi, akakifungua taratibu, kwa heshima. Kanda ilikuwa imepinda na kuyeyuka, utepe umegandamana kama suke la ulezi lililougua.

Nilijaribu kuisukuma ndani ya redio kwa nguvu, nikaivunja. Nikashindwa kuamini, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Kisha nikapiga kelele mbele ya waombolezaji wote, Mungu anisamehe: "Bibi, umefanya nini?"

Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi.

"Mume wangu," alisema, kwa jina la utani aliloniita tangu utotoni, "si wewe ulinishika mkono hapahapa ukaniambia niitunze kama mbegu?"

Nilikuwa nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu mwenyewe. Wazee wakachukua majembe yao.

Tulimzika babu pembeni mwa shamba la kijiji, mbali na mama yake. Siku ile alipokuwa akiyataja makaburi, mimi niliyefundisha wazee wenzake kuandika nilikuwa na kalamu mfukoni mwa shati.