Mabehewa ya Bwana Rula

Gundi ya kwato ikichemka inanuka vibaya sana. Ikishaingia kwenye nguo haitoki, hata ufue mara tatu kwa sabuni ya mche. Baba yangu alinuka hivyo kiangazi kizima, mwaka ule nilipokuwa darasa la tano, katika miaka ya mwisho ya Waingereza. Tulikaa Itigi, kwenye kota za reli, chumba kimoja na uwanja wa kupikia, na baba akiingia tu ndani mama alifungua mlango wa nyuma. Watu wengine wakisimulia utoto wao husifu harufu ya mvua ya kwanza na maandazi ya mama zao. Hongera zao. Mimi nakumbuka gundi, na nikiikumbuka nakunja uso.

Chanzo chake kilikuwa Mzungu mmoja, msimamizi wa njia ya reli katika sehemu yetu, ambaye watu wa kota walimwita Bwana Rula kwa sababu hakutoka nyumbani bila rula ya chuma mfukoni. Alipima mataruma ya reli, alipima vizingiti vya milango, nadhani kuku angetulia angempima naye. Mtu mzima na masharubu yake, na starehe yake kubwa duniani ilikuwa vigari vya kuchezea! Aliletewa kwa posta, kutoka kwao, maboksi yenye mabehewa ya bati, kila moja urefu wa mkono wa mtoto. Ukiniuliza mimi, yalikuwa mazuri vilevile yalivyokuja. Yeye aliyaona hayafai. Yalikuwa mabehewa ya kwao, yenye milango mingi ubavuni, naye alitaka yafanane na yale yaliyopita Itigi kwenda Tabora: yenye kibaraza kila mwisho, ngazi za kupandia, madirisha ya vibao vya kuzuia jua, na paa la ziada juu ya paa kwa ajili ya joto. Basi akayakata. Alichukua vitu vizima akavikata kwa msumeno mwembamba ili avigeuze vitu vingine, kisha akashindwa kuvigeuza. Mikono yake ilitetemeka, sijui kwa homa au kwa alichokunywa jioni, na behewa la kwanza aliloliunga mwenyewe lilipinda mgongo. Hapo ndipo alipomkumbuka baba.

Baba aliitwa Petro, Mnyaturu wa Mungaa, msaidizi wa fundi seremala pale stesheni. Kazi yake ilikuwa kubadilisha mbao zilizooza kwenye mabehewa ya kweli, kukaza bawaba, na kutengeneza upya mabenchi ya daraja la tatu yaliyovunjwa na watu na mizigo yao. Alikuwa na mkono, hilo silibishi. Ile milango ya bati aliiziba kwa risasi ya kuyeyusha na kuipiga tupa mpaka usione ilipokuwa. Vishikio vya milango alivitengeneza kwa pini za nywele, nguzo za vibaraza kwa njiti za mwavuli mbovu, matangi ya maji ya chini ya behewa kwa vipande vya kopo la samaki, na paa la pili kwa ubao wa mninga alioukwangua kwa kigae cha chupa hadi ukawa mwembamba wa kupinda bila kuvunjika. Mabenchi ya daraja la tatu aliyaunga yote kwa gundi ile ya kwato, kila ubao peke yake, na vichwa vya misumari akavichora kwa ncha ya sindano. Bwana Rula alimwambia asijisumbue na ndani ya daraja la tatu, maana hakuna atakayechungulia. Baba akamjibu kwamba ndani ndiyo behewa lenyewe. Jibu zuri, lakini alilitoa akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mtu mwingine, siku ya Jumapili, wakati wenzake wako kanisani.

Msidhani alifanya kwa kupenda tu. Kupenda alipenda, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lakini alikuwa ameahidiwa barua. Karakana ya mabehewa ya Tabora ilikuwa ikitafuta maseremala, na mtu wa aina yetu hakusikilizwa pale bila barua ya Mzungu anayemfahamu. Bwana Rula alisema ataiandika treni ikikamilika. Kwa baba, barua hiyo ingemfanya aitwe fundi, si msaidizi wa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika randa. Kwangu mimi ilikuwa shule, kwa sababu Itigi masomo ya wasichana yaliishia pale nilipokuwa nimefika, na Tabora yaliendelea. Basi tukasubiri treni ikamilike. Thubutu! Treni ya namna ile haikamiliki. Likiisha behewa la daraja la kwanza linakumbukwa la posta. Likiisha la posta inagunduliwa kwamba mifereji ya maji ya mvua imesahaulika. Kisha rangi si yenyewe, inakwanguliwa yote, inaanza upya. Mama alivuna mtama na mimi, akaupura na mimi, na kila baba alipotuambia kwamba limebaki jambo dogo tu, mama alimjibu kwa Kinyaturu kwa sauti ya chini. Alichomjibu sitakiandika hapa.

Na mimi nisijitoe. Behewa la daraja la kwanza lilihitaji mapazia, na vidole vya baba vilikuwa vinene mno kwa sindano, kwa hiyo nikapewa mimi tai kuukuu ya kijani ya Bwana Rula niikate. Nilishona mapazia madogo kuliko ukucha wa dole gumba, yenye upindo juu na chini, na nilivimba kichwa wiki nzima. Wenzangu wanateka maji na kutwanga, mimi eti mshonaji wa mapazia ya treni. Nikipita mbele yao sikusalimia. Nikijitazama sasa nilivyokuwa, natamani kujizaba kofi.

Siku treni ilipokamilika kweli, mabehewa sita mezani kwenye veranda ya Bwana Rula, ilikuwa siku ambayo mkubwa wa karakana ya Tabora mwenyewe alipita Itigi katika ukaguzi wake na akaalikwa chai. Baba aliona bahati imemjia mlangoni. Alinyoa ndevu, akavaa shati lake la kanisani, nami nikaenda naye kwa sababu nilikuwa na pazia moja la kubadilisha. Tulipofika, Bwana Rula akamkabidhi kanzu nyeupe na kofia. Alisema mpishi wake anaumwa, kwa hiyo Petro ndiye atakayeandaa chai. Mpishi mwenyewe tulikuwa tumempita muda huo huo nyuma ya nyumba, mzima kabisa, anapepeta mchele. Baba aliitazama ile kanzu kidogo, kisha akaivaa juu ya shati lake la kanisani.

Mkubwa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye Kiswahili kizuri kuliko cha mwenyeji wake. Aliinama mezani akayatazama mabehewa moja moja, akavaa miwani, akachungulia hadi ndani ya daraja la tatu, kwenye yale mabenchi. Kisha akauliza jambo kwa Kiingereza, na Bwana Rula akajigusa kifua kwa kidole, tena mara mbili, halafu akainua mikono yake yote miwili kuionyesha. Hilo halikuhitaji mkalimani. Baba alikuwa amesimama nyuma yao ameshika birika. Nilimtazama nikingoja aseme, naye alitazama birika. Mkubwa akaniona nimekaa kwenye ngazi, akaniuliza kwa Kiswahili chake kizuri kama nimewahi kuona treni nzuri kama hii ya Bwana. Nikasimama, nikamwamkia, kisha nikasema:

“Si ya Bwana. Aliyeitengeneza ni baba yangu, huyu hapa mwenye birika.”

Bwana Rula akawa mwekundu hadi masikioni. Mkubwa akageuka kumtazama baba, akangoja, wala hakuonyesha haraka yoyote. Ninavyoamini hadi leo, angeliamini neno la baba, neno moja tu.

“Usimsikilize, Bwana Mkubwa,” baba alisema. “Mtoto huyu ni mwongo. Mimi hapa kazi yangu ni kufagia na kuleta chai.”

Mkubwa akacheka, Bwana Rula akacheka kwa nguvu zaidi, na nikapewa biskuti ili nisiendelee kuchekesha watu. Niliila. Nilikuwa na hasira ya kupasuka, na biskuti nikaila yote, nikalamba na vidole.

Njiani kurudi baba hakunipiga wala hakunikaripia. Alitembea hatua chache nyuma yangu, na karibu na kota akasema, “Barua bado hajaiandika, mama.” Basi, hayo tu. Tangu siku ile nilimdharau baba yangu, na silisemi kwa mafumbo. Nilimtengea chakula, nilimwamkia asubuhi na jioni kama inavyopasa, na nilimdharau. Bwana Rula angalau aliiba. Baba aliibiwa huku anamshikia mwizi birika.

Barua iliandikwa wiki ile Bwana Rula alipofunga mizigo kwenda likizo kwao, na mabehewa yake sita yakiwa ndani ya pamba na maboksi. Baba aliileta nyumbani kwa mikono miwili. Bahasha ilikuwa haijagandishwa. Hakujua Kiingereza, nami nilikuwa nimekianza mwaka ule, tena kama watoto wote kwa maneno ya nyumbani: safi, meza, chai, mtumishi, mwaminifu, pombe. Barua nzima iliandikwa kwa maneno hayo hayo. Petro ni mtumishi mwaminifu na safi. Anahudumu vizuri mezani. Si mlevi, hana maneno mengi, atafaa katika nyumba yoyote. Juu ya mbao, bati, randa au behewa hapakuwa na hata neno moja, na lingewezaje kuwapo? Msomaji wa barua ndiye yule yule mkubwa wa karakana aliyekwisha kuambiwa kwamba treni imetengenezwa na mwandishi wa barua.

Nilikusudia kumsomea kama ilivyo. Nilikwisha kufungua mdomo. Lakini alikuwa amekaa kwenye kigoda amekwisha kuvaa koti la safari aliloazima kwa jirani yetu mzee Ramadhani, yule aliyepeperusha bendera stesheni, mikono ya koti imemfikia kwenye vidole, na mama kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alikuwa ameacha alichokifanya ili asikilize. Nikasoma kwamba Petro ni fundi hodari wa mbao na bati, na kwamba apewe kazi ya mabehewa bila kuchelewa. Baba akaniomba nirudie. Nikarudia, na mara ya pili nikaongeza kwamba hakuna mwenye mkono kama wake kuanzia Manyoni hadi Tabora.

Alikwenda na mzee Ramadhani, ambaye alikuwa na binti aliyeolewa huko, na siku ya nne wakarudi pamoja. Baba alisema nafasi zimejaa. Kesho yake, baba akiwa kazini, mzee Ramadhani alikuja kumweleza mama yaliyotokea, nami nilikuwa nachambua mlenda pale pale uwanjani. Karani wa karakana alikuwa ameisoma barua kwa sauti, akiifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno, mbele ya maseremala waliokuwa wakisubiri kama baba, nao wakacheka. Mkubwa mwenyewe akatoka nje kusikia kicheko ni cha nini. Alimtambua baba mara moja, tena kwa wema, akasema yule mtu wa chai, na kwamba nyumbani kwake anahitajika mtumishi. Baba akasema yeye ni seremala. Mkubwa akamwambia barua haisemi hivyo, na wewe mwenyewe uliniambia kazi yako ni kufagia. Baba akashukuru, akaomba barua yake, akatoka.

Jioni ile kabla ya chakula nilimmiminia maji anawe mikono. Nikamuuliza, nikitazama beseni, kama barua waliisoma.

“Waliisoma, mama,” alisema. “Waliisoma vilevile ulivyonisomea wewe.”

Akafuta mikono, akala ugali wake wa mtama, akaumaliza. Hatukuisema tena habari hiyo hadi alipokufa, akiwa bado msaidizi wa fundi vilevile. Shule yangu iliishia pale Itigi, na Kiingereza kilichobaki nilikiokota hospitali ya misheni, nilikoanza kwa kufua mashuka na kumalizia kwa kuandikisha wagonjwa.

Sasa nakaa Singida mjini. Kijana wa jirani akichomelea geti huandika jina lake na namba ya simu juu yake kwa rangi nyekundu, hata geti lenyewe likiwa limekwenda upande. Namcheka, kwa kuwa makosa yake yanasomeka tangu barabarani, lakini hakuna wa kumvisha kanzu. Bwana Rula simchukii, kumchukia ni kumpa uzito ambao hakuwa nao. Baba nilikwisha kumsamehe birika lake. Anayenishinda ni yule msichana, aliyemwona mtu mzima hawezi kubeba maneno ya karatasi moja, akamtuma Tabora amevaa uongo juu ya koti la kuazima. Aliuita huruma. Ilikuwa dharau ile ile ya kwenye veranda, ila hii niliifanya mimi.

Watu wa mtaani huniletea karatasi zao za Kiingereza niwasomee, za mahakama, za ardhi, za hospitali. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na majibu ya vipimo vya mumewe, akanishika mkono akaniomba, “Bibi, kama yapo mabaya, uyapite haraka haraka.” Nilivaa miwani, nikasoma neno kwa neno, polepole, hadi sahihi ya daktari. Alilia, akaniambia sina huruma. Nikamwacha alie mpaka akatulia, kisha nikamsomea tena tangu mwanzo.