Unit ya maji ya binti yangu: ni sayansi ama si sayansi?

Wakuu, hamjambo. Mimi hapa husoma tu, kuandika si kawaida yangu. Leo naandika, na sitatia chumvi.

Niko mji wa Salama, nashona viatu. Shule niliachia darasa la nane. Mke wangu alitutoka mwaka huu, kwa hivyo mkiona maneno yanakuja polepole mnivumilie.

Binti yetu Mwende ana digrii ya mazingira, na anataka kuwa daktari. Kuna chuo cha udaktari nje ya nchi ambacho huchukua watu walio na digrii tayari.

Fomu yao ya mtandaoni inataka kila unit uliyosoma uiweke upande mmoja: sayansi, au masomo mengine. Halafu wanapiga wastani wa sayansi peke yake. Usipofika kiwango chao, umebaki nje.

Biolojia haikuwa na shida. Kemia pia.

Shida ilikuwa unit moja inayoitwa Maji, Afya na Jamii. Walipima maji ya visima vya mchangani huko mtoni, upande wa Kabati, kisha wakahoji akina mama wanaoyachota. Wakati huo mke wangu alikuwa Kabati akimtunza mama yake, kwa hivyo Mwende alimhoji mamake mwenyewe.

Akapata A. Ndiyo A yake pekee, wakuu. Ikihesabiwa sayansi, wastani unavuka. Isipohesabiwa, haufiki.

Tukaenda kujaza fomu kwa Kamau, mwenye cyber, duka la kompyuta za intaneti. Kamau ni mtu wa utani.

"Mzee, hapa kuna maji na kuna afya. Hata mimi na D yangu ya kemia najua hiyo ni science. Bonyeza twende!"

Mwende hakubonyeza. Akanigeukia. "Baba, unasemaje?"

Nikamwambia, "Mimi najua uzi na gundi. Wakati mwingi mlikuwa mnafanya nini?"

"Maabara tulienda mara chache. Mengi yalikuwa kuongea na watu."

"Ai, mzee!" Kamau akasema. "Sasa wewe ndiye unamfungia mtoto mlango?"

Hiyo iliniuma.

Mwende akampigia simu lecturer aliyemfundisha, akaweka sauti tusikie sote.

"Usiangalie jina la unit," yule lecturer akasema. "Angalia kazi nyingi ilikuwa wapi. Kama ingekuwa nusu kwa nusu, ningekwambia uwaandikie chuo uwaulize, na uwatumie course outline, ule mpangilio wa somo. Lakini hii niliitunga mwenyewe, Mwende. Ni somo la jamii. Pole sana."

Tukatoka nje kidogo. Mwende akasema, "Baba, nilitaka Mama ndiye aniingize chuoni."

Nilimshika tu bega.

Akarudi ndani, akaiweka kwenye masomo mengine, akatuma.

Jibu lilikuja: hapana. Ila walimwambia akiongeza unit za sayansi anaweza kuomba tena. Sasa anasoma biokemia Kitui mjini, wikendi anakuja nyumbani.

Jumapili iliyopita alinichezea rekodi ya yale mahojiano kwenye simu. Anauliza kwa sauti ya kiofisi, "Mama, unajuaje maji haya ni salama?"

Mke wangu anacheka. "Kwani wewe mwana, si tumekuwa tukichota pamoja? Unaniuliza nini na jibu unalo?"

Mwende akanitazama. "Kweli, Baba, hii si sayansi."

Tulicheka wakuu, tukacheka mpaka machozi. Tangu mazishi hatukuwa tumecheka.

Nililojifunza ni hili: kwa zile unit za mchanganyiko, pima kazi iliyofanywa, usipime jina wala alama unayoitamani. Ukiwa na shaka, uliza chuo kabla ya kutuma.

Kama kuna mtu hapa alikataliwa mara ya kwanza, akaongeza unit, akaomba tena akachukuliwa, tafadhali aandike. Nitamsomea Mwende akifika Ijumaa.