Mahindi ya Shimo Moja

Leo mvua ya kwanza imenyesha hapa Mshangano, na harufu ya udongo imenirudisha shambani kwa bibi.

Nilikuwa mtoto aliponipa kopo la mbegu za mahindi zilizobarikiwa kanisani, nipande mwenyewe. Jua lilikuwa kali. Nikazimwaga zote kwenye shimo moja, nikafukia, nikakimbilia kucheza. Jumamosi, kwenye kitubio, nilitaja dhambi zote isipokuwa hiyo.

Baada ya wiki ya mvua, bibi akaniita shambani. Pale kwenye shimo langu, ardhi ilikuwa imepasuka, na miche imesongamana kama watu mlangoni mwa kanisa.

"Udongo umeungama kabla yako," alisema.

Nikasubiri fimbo. Yeye akapiga magoti kwenye tope, akachomoa mche mmoja taratibu.

"Shika huu, mjukuu wangu. Bado uko hai."