Kadi Chini ya Ulimi

Mimi masomo ilinishinda mapema. Mwalimu alichoka na mimi mbele mimi nichoke naye. Lakini mudomo, Mungu alinipa ya watu wanne. Kule kwetu Mubi walikuwa wanasema nikianza kuelezea habari, hata malori inazima moteri ili isikie. Sasa muangalie: muntu sawa mimi, siku moya mbele ya bunduki, alishindwa kusema hata "jambo".

Miaka ile ya vita nilikuwa na kibanda ya kuchaji matelefone, kando ya boutique ya papa moya mufanyabiashara wa Butembo. Mukatoliki wa kweli kweli yule. Kengele ya sala ya saa sita ikilia, anafunga mulango hata kama umeshika sukari yake mukononi. Wachimbaji wa zahabu wa Omate walikuwa wanashuka na matelefone imefungwa kamba kama samaki, mi naichaji, na wale wanaotaka nawatilia miziki kwa kadi, zile kadi za ndani ya telefone, ndogo kama ukucha ya mutoto. Radio haikufika kule kwa mashimo. Radio ilikuwa mimi.

Mbele ya kibanda yangu, mama moya alikuwa anakaanga mandazi, na alikuwa na mutoto wa ndugu yake, binti wa miaka kumi na munane. Wazazi ya binti ni walimaji wa kule milimani, Mushaki, vita iliwafukuza, kila muntu akaangukia kwake. Yule binti alikuwa anatunga nyimbo akigeuza mandazi. Mandazi ikiungua, tulikuwa tunajua wimbo iko tamu. Mimi nilikula mandazi nyeusi mwaka muzima na sikulalamika.

Siku moya nikamwambia, "Dada, simama hapo kwa barabara, nikupige video."

"Na hii kitambaa ya mafuta, kaka?"

"Wacha. Watu watasikia, hawatanusa."

Akaimba:

*Kama unanipenda, panda mulima,*
*unipigie pale réseau inafika.*
*Usiniambie ulinikosa,*
*mulima haikuhama.*

Weee! Sauti ile ilikuwa inapanda mpaka ndege walikuwa wanashuka kuuliza kama kuna nafasi. Nikaitia kwa kadi ya kila muntu. Chauffeur moya wa lori akafika nayo kule réseau ya telefone iko, akaitupa kwa internet. Kabla ya mwezi kuisha, papa moya mwenye studio Goma akapiga telefone ya boutique, ile ya satelite.

"Mulete ule binti. Na kama iko na nyimbo zingine, mulete zote. Nangojea mpaka Jumapili. Kisha nafunga, naenda Kinshasa."

Zilikuwa saba. Tukaingia kwa depo ya boutique, katikati ya magunia ya mchele, sababu gunia haina mwangwi, na nikazirekodi zote kwa kadi moya. Ya saba, sauti ilipanda juu kupita zingine zote. Alipoimaliza, yule papa wa Butembo alikuwa amesimama kwa mulango na kalamu kwa sikio. Alifanya ishara ya musalaba, akarudi kuuzisha chumvi.

Sasa kosa yangu. Wakati napiga video ile ya kwanza, nilikuwa naangalia binti. Nyuma yake sikuangalia. Na nyuma yake kulikuwa kunapita watu wenye bunduki, wanasukuma ng'ombe moya kwenda kuiuzisha nyama kwa wachimbaji.

Dunia nzima iliangalia musichana. Lakini kule Mushaki watu wa ng'ombe, wao waliangalia ng'ombe. Muzee moya akaruka kwa kiti: "Pembe ile iliyoinama! Na ile doa nyeupe kwa uso! Ile njo yangu!" Mufugaji anaweza kusahau sura ya shemeji yake, sura ya ng'ombe yake hapana. Akaenda mpaka kwa mukubwa wa wale wenye bunduki. Na mukubwa, wao walikuwa wamemuambia ng'ombe ilianguka kwa shimo, ikafa. Hakupata hata mukia. Akawalaza chini, akawachapa fimbo mbele ya watu.

Muuza-maharagi moya alishuka siku ya Ine, Alhamisi, na habari. "Kule kwa barrière, pale wanasimamisha watu kwa njia ya kwenda Masisi, wale waliochapwa wanatafuta ule binti na ule aliyeshika telefone. Video wako nayo. Lakini kwa video binti amejifunga kitambaa mpaka kwa macho, sura haionekane muzuri. Sauti njo wanaijua. Kila musichana anayepita wanamwambia imba."

Njia ingine hakukuwa. Jumapili ilikuwa inakuja. Binti akasema, "Kaka, mi kuimba mubaya siwezi. Nimejaribu."

Alikuwa amejaribu kweli. Hata ile ubaya yake ilikuwa tamu.

Njo mama wa mandazi akasema, "Nyuma ya kanisa kuna matanga. Papa mukata-mbao amekufa. Nenda ukalie."

Kwetu, mwanamuke aliyetoka kwa matanga bila kupoteza sauti, watu wanamusema. Binti akaenda. Alilia usiku na muchana, siku mbili. Alilia kupita watoto ya marehemu. Marehemu mwenyewe nafikiri aliona haya. Siku ya pili mujane akanivuta pembeni.

"We, wa matelefone. Huyu binti anamulilia bwana yangu kupita mimi. Uniambie kweli: alikuwa nani wake?"

"Mama, ni majirani tu."

"Majirani hawalie hivi. Huyu ni bibi wa pili!"

Siku ya Posho, Jumamosi asubuhi, sauti ya binti ilikuwa imekufa. Tukapanda pikipiki yangu. Telefone nilisafisha, hakuna kitu ndani. Kadi ya nyimbo saba nilitia chini ya ulimi.

Barrière ilikuwa kamba na masashe meusi ya plastiki inapepea. Kulikuwa watatu. Moya alikuwa na video ile mukononi, inaimba, inaimba. Akaikata.

"Shukeni. We binti, imba."

Akafungua mudomo. Ilitoka sauti ya mulango ya zizi. Wakacheka. Lakini ule mwenye telefone, chef yao, hakucheka.

"Sauti ilienda wapi?"

"Matanga," akanong'ona, na akaonyesha kitambaa ya kilio kwa kichwa.

"Nani alikufa?"

"Papa. Mukata-mbao wa Mubi."

Moya akasema, "Ni kweli, chef. Yule alinikatiaka mbao ya kitanda."

Basi chef akanigeukia. Akachukua telefone yangu, akaifinya, akaifinya.

"Telefone bila muziki hata moya? We iko pasta?"

Nikatikisa kichwa.

"Jibu na mudomo."

"Mm-mm, shef."

"Juu ya nini unasema kama umetia kiazi ya moto?"

Nikaonyesha shavu. "Zino."

Sasa musikie bahati yangu. Akatosha kisu kwa mushipi, akatabasamu mara ya kwanza.

"Mbele ya vita, mi kazi yangu ilikuwa kung'oa watu meno. Fungua."

Nilimuona binti. Macho yake ilikuwa kwa mudomo yangu. Nyimbo zake zote saba zilikuwa pale, na kopi hakukuwa. Nikitema, tunakufa wawili. Chef akashika kidevu yangu.

Nikameza.

Alinipigapiga meno na ncha ya kisu, moya moya, mimi nalia machozi. "Ile ya nyuma njo inaoza," akasema. "Utarudi, nitaitosha. Pita."

Tuliposhuka mulima, binti akanigonga mugongo, akafungua mukono: kadi? Nikaonyesha tumbo. Akaketi chini kwa barabara, akalia bila sauti hata kidogo. Kilio ile sikuisahau.

Goma nilikula papayi ya kulisha seminari nzima. Nilikunywa mafuta. Sitaelezea namna nilivyotafuta. Kadi ilikataa kutoka, ao ilitoka ikanipita.

Jumapili papa wa studio akauliza, "Nyimbo iko wapi?"

Mi, mudomo ya watu wanne, nikaangalia viatu. Binti akaenda mwenyewe kwa mikro, akaimba na ile sauti iliyopasuka. Papa akatosha vitu vya masikio.

"Nani alikufundisha kuimba hivi?"

"Papa moya mukata-mbao."

"Basi usipone haraka."

Na kweli hakupona yote. Sauti ilirudi, lakini chini kulibakia mukwaruzo, na mukwaruzo ule njo watu walipenda. Leo lori haifike Omate bila sauti yake. Wanakuja kwa kibanda yangu: "Utie za yule dada wa sauti ya muchanga." Natia. Na mbele ya kupiga muntu video, naangalia kwanza nyuma yake.

Lakini alirekodi sita. Ya saba iko juu sana, sauti yake haifike tena pale. Siku moya nilimuuliza habari yake kwa telefone, akasema, "Kaka, we njo uko nayo."

Niko nayo. Mambo yote naongezeaka chumvi, munanijua. Ile ya saba tu, hata nikijaribu kuielezea, sijue nianzie wapi.