Nyumba Iliyosamehewa Kodi

Nyumba yangu ya Kigera niliijengaga kwa hela ya pamba ya Bunda, pamba ya zamani, siyo hii ya siku hizi inayoliwa na wadudu ikiwa bado maua. Hayo tuyaache. Mke wangu alikufa kuta hazijapigwa plasta, na alikuwa anaitakaga sana hiyo plasta. Kijana wetu wa mwisho alipooa, nikamwambia akae humo na mkewe.

Sasa kwa mila za kwetu Butiama, baba mkwe halali paa moja na mke wa mwanawe. Basi nikajijengea kibanda cha mabati uani. Asubuhi mkwe anaweka uji mlangoni, anabisha, anarudi zake, ndipo natoka.

Siku moja bwana wa manispaa alitueleza kodi ya majengo kwenye mkutano wa mtaa. Akasema mzee anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe anasamehewa, ile hela aitie kwenye kuta, mtaa ujengeke. Nikaiona plasta ya marehemu, hiyo inakuja.

Akaja kukagua.

"Mzee, unalala chumba kipi?"

Kijana wangu akawahi: "Cha mbele."

Mimi nikaonyesha kibanda. Sijui kusema uongo mbele ya mlango wangu.

"Nyumba unayo, unalala na kuku?"

"Kuku wana banda lao, bwana mkubwa."

Majirani wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema nyumba anayokaa mtu mwingine haisamehewi. "Si uhamie ndani tu, mzee?"

"Ndani kuna mkwe."

Hakuelewa. Mtu wa mbali, sikumlaumu.

Jioni kijana akanifuata kibandani. "Baba, ungenyamaza tu, mimi nimeshajibu."

"Na majirani wangesema nini juu ya mkeo? Kwamba analala nyumba moja na baba mkwe?"

Akainama. Mkewe akasema akiwa nje, nyuma ya mabati: "Baba, sisi tutahamia Mugango kwa wazazi wangu, mume wangu atavua na kaka zangu. Wewe rudi ndani, nyumba ipone."

Nilitaka kumkatalia. Lakini nilikuwa naiona plasta, nikawaacha waende.

Walihama. Nikaingia chumba cha mbele, kodi ikasamehewa, fundi akaja, kuta zikanyooka vizuri kabisa. Uji napika mwenyewe, unashikaga chini ya sufuria.

Kibanda sijakibomoa. Mlango wake naufunguaga asubuhi, usishike kutu.